Mbwa mwoga kutoka Romania: mwongozo kamili wa kumpokea Uingereza bila kumpoteza

Makosa yanayorudiwa ni mawili. La kwanza hutokea mlangoni: mbwa ametoka kwenye gari lililomleta, kola imelegea, anarudi nyuma hatua mbili, kichwa kinachomoka, na anatokomea mtaani asikojua hata mti mmoja. La pili hutokea sebuleni, polepole. Watu wenye nia njema wanamkalia mbwa karibu, wanamshika kichwa, wanamvuta atoke chini ya meza, kisha wanashangaa kwamba mwezi umepita na bado anajikojolea akiwaona.

Mwongozo huu ni kwa walioko England, Scotland na Wales wanaotaka kuchukua mbwa mwoga kutoka makazi ya Romania, ambako wengi wa mbwa hawa hutoka. Ireland ya Kaskazini ina taratibu zake za kuingiza wanyama.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hajapanda gari

Nunua vyote mapema. Mbwa akishafika hutakuwa na muda wa kwenda dukani, na yeye hatakuwa na hali ya kupimwa hanesi dukani.

- Hanesi ya mikanda mitatu. Mmoja shingoni, mmoja nyuma ya miguu ya mbele, wa tatu nyuma ya mbavu, pale kiuno kinapoanza kuwa chembamba. Mbwa akirudi kinyumenyume, hanesi ya mikanda miwili hupita kichwani kama fulana. Mkanda wa tatu hukwama kwenye mbavu.
- Kola ya martingale, yaani ile inayobana kidogo ikivutwa na kulegea ikiachwa. Ipime ili ikibana kabisa ilingane na shingo bila kumkaba.
- Kamba mbili imara za mita 1.5 hadi 2. Kamba ya kujiviringa usiiguse. Ikikuponyoka, kile kishikio cha plastiki kinamfukuza mbwa kwa kelele, na hatasimama.
- Kamba nyepesi ya ndani, mita 2, isiyo na kitanzi mwishoni ili isinase kwenye miguu ya viti.
- Kifuatiliaji cha GPS chenye laini inayofanya kazi na betri iliyojaa siku ya kupokea. Kikiwa bado kwenye boksi hakina faida.
- Kibati cha kolani chenye jina lako na anwani. Amri ya serikali ya mwaka 1992 kuhusu udhibiti wa mbwa inadai hivyo kwa mbwa yeyote aliye mahali pa umma. Ongeza namba ya simu.
- Kizimba cha waya na blanketi la kukifunika. Mbwa wa kilo 20 hivi kwa kawaida hutoshewa na cha urefu wa sentimita 91. Aweze kusimama, kugeuka na kujinyoosha.
- Mageti mawili ya ndani ya urefu wa mita 1 au zaidi. Yale mafupi ya kuzuia watoto wachanga mbwa wa mtaani huyaruka bila kukimbia.
- Pedi za choo, na dawa ya kusafishia yenye vimeng'enya. Dawa zenye amonia huacha harufu inayofanana na mkojo, na mbwa hurudi palepale.
- Chakula kilekile alichozoea, cha siku 10 angalau. Uliza shirika jina lake.
- Kuku wa kuchemsha, asiye na chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu (vitunguu vyote ni sumu kwa mbwa), aliyekatwa vipande vya ukubwa wa njegere. Mifupa iliyopikwa itupe. Kule nyumbani mbwa wa uani hupewa mifupa na makombo ya ugali na watu huona sawa, lakini mfupa wa kuku uliopikwa hupasuka vijiti na kutoboa utumbo.

## Hatua ya 1: Mchunguze mbwa, na shirika pia

Picha ya mbwa anayeangalia kamera kwa macho makubwa haikwambii kitu. Omba video tatu: mtu akiingia kwenye banda lake, mtu akimvalisha kamba, na yeye akiwa na mbwa wengine. Mbwa anayejibanza kwenye kona lakini baada ya dakika chache anasogea kunusa mguu ana pa kuanzia. Anayebaki ameganda video nzima atakuchukua miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka, na usimchukue kama una watoto wadogo au nyumba yenye wageni kila siku.

Uliza pia alikuwa banda la peke yake au la pamoja. Mbwa waoga wengi hujifunza kwa kumwangalia mbwa mwenzao. Kama wewe tayari una mbwa mtulivu anayependa watu, kazi yako imepungua sana.

Shirika zuri litakuhoji wewe zaidi ya unavyolihoji. Litataka kuona uzio wako, litakuwa na mtu Uingereza wa kumchukua mbwa mambo yakishindikana, na litaandika hilo kwenye mkataba. Lisilouliza chochote isipokuwa malipo, liache.

Jambo moja la kumaliza nyumbani kabla ya kusaini: wenye nyumba wote wakubaliane. Kwenye familia ya Kiislamu inayofuata madhehebu ya Shafii, kama ilivyo kwa wengi wa pwani yetu, amueni mapema mbwa ataishi chumba gani, miswala itakaa wapi na nani atamshughulikia. Mbwa mwoga hawezi kukaa kwenye nyumba ambayo nusu ya watu wanamkwepa kwa kuruka na kupiga kelele.

## Hatua ya 2: Karatasi na vipimo

Kumleta mbwa ili akabidhiwe mtu mwingine huhesabiwa biashara hata kama shirika halipati faida. Kwa hiyo pasipoti ya mbwa peke yake haitoshi. Omba kuona haya:

1. Namba ya chipu ya utambulisho iliyo chini ya ngozi yake, ambayo kwa mbwa wa Romania mara nyingi huanza na 642, ikilingana kwenye karatasi zote.
2. Chanjo ya kichaa cha mbwa, aliyochomwa akiwa na wiki 12 au zaidi, na siku 21 zikiwa zimepita. Ndiyo maana mtoto wa mbwa wa chini ya wiki 15 hawezi kuwa ameingia kihalali.
3. Dawa ya minyoo ya tegu, iliyotolewa na daktari kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia Uingereza.
4. Cheti cha afya cha safari hiyo, na uthibitisho kwamba mbwa ameandikishwa kwenye mfumo wa serikali wa IPAFFS.
5. Kibali cha msafirishaji cha safari ndefu.

Masharti hubadilika, na yamewahi kubanwa ghafla kwa Romania, kwa hiyo soma ukurasa wa Defra, wizara ya mazingira na kilimo, wiki hiyo unayolipa.

Vipimo vya damu ni suala jingine. Cha kwanza ni *Brucella canis*. Bakteria hii huambukiza watu, haina tiba ya kuaminika, na mbwa akiipata huhesabiwa kuwa nayo maisha yake yote. Dai kipimo kabla ya safari, kisha rudia miezi 3 baada ya kufika, kwa sababu maambukizi mapya huweza kukosekana kwenye kipimo cha kwanza. Nyumba yenye mjamzito, mtoto mdogo au mtu mwenye kinga dhaifu isipokee mbwa asiyepimwa. Cha pili ni minyoo ya moyo. Inaenezwa na mbu, na huchukua miezi 6 hivi kuonekana kwenye damu, kwa hiyo nacho kirudiwe. Waombe pia wapime magonjwa ya kupe.

Epuka tarehe za kufika za mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Novemba, na wiki ya Mwaka Mpya. Fataki za tarehe 5 Novemba zimeshavunja kazi ya miezi kwa mbwa waliokwisha kuzoea, sembuse aliyeshuka jana.

## Hatua ya 3: Andaa chumba kimoja

Kimoja tu. Chagua chumba kisicho njia ya watu, mbali na mlango wa mbele na mashine ya kufulia. Weka kizimba kwenye kona, mlango wake ukiwa wazi na umekazwa usijirudishe, funika pande tatu kwa blanketi. Maji upande mmoja, pedi upande wa pili, karibu na mlango.

Uzio wa uwani uwe mita 1.8 na usiwe na pengo chini. Zunguka uzio mzima ukiusukuma kwa goti. Ubao uliolegea utauona wewe leo au mbwa kesho. Ondoa pipa la taka au benchi lililo karibu na uzio, maana hilo ni ngazi.

Mwisho, mlango wa mbele. Funga geti la ndani ili kuwe na vizuizi viwili kati ya mbwa na barabara, na kila mtu wa nyumba ajue kanuni: mlango mmoja haufunguliwi mpaka mwingine umefungwa. Bandika karatasi. Watoto hukumbuka, wakubwa ndio husahau.

## Hatua ya 4: Makabidhiano

Safari ya gari kutoka Romania huchukua siku mbili hadi tatu. Anayeshuka amechoka, ana kiu, ananuka mkojo, na kila anayemshika ni mgeni.

Mwambie dereva mapema kwamba hutampokea mbwa barabarani. Mpokee ndani ya nyumba, au ndani ya gari lako likiwa limefungwa milango na vioo. Utaratibu ni huu:

1. Kizimba chake kibebwe hadi ndani mkiwa wawili. Kama hakibebeki, hanesi, kola na kamba zote mbili zivalishwe akiwa bado ndani ya gari la msafirishaji, mlango umefungwa.
2. Kamba moja kwenye hanesi, nyingine kwenye kola. Kamba moja ifungwe kiunoni mwako, ya pili uishike kwa kuizungusha kifundo cha mkono.
3. Vuta hanesi kuelekea kichwani mwake kabla hajashushwa. Ikipita masikio, kaza tena.
4. Mbebe au msindikize moja kwa moja hadi chumbani. Hakuna picha, hakuna majirani, hakuna kusimama uwani "akojoe kwanza".
5. Chumbani, funga mlango, vua kamba nzito, bakiza hanesi, kola na kamba nyepesi. Kamba hiyo iwepo wewe ukiwepo tu, na uiondoe akilala peke yake.

Usimwogeshe. Atanuka siku kadhaa, vumilia. Kumshika kwa nguvu chini ya maji siku ya kwanza ni somo atakalolikumbuka kila ukimkaribia.

Umefanikiwa ukiona: yuko chumbani, mlango umefungwa, na hakuna aliyelazimika kumkimbiza.

## Hatua ya 5: Saa 72 za kwanza

Kazi yako ni kuleta chakula, kubadilisha maji na kuondoka. Ingia kwa hatua za kawaida. Mtu anayenyata, machoni pa mbwa, anawinda. Ongea kwa sauti ya chini, na lugha yoyote ni sawa kwake, ila kila neno la amri liwe la lugha moja. Baba akisema "njoo", watoto wasiseme neno la Kiingereza kwa jambo lilelile.

Kutokula siku ya kwanza ni kawaida. Akifikisha saa 48 bila kula, au siku nzima bila kunywa, mpigie daktari wa wanyama. Kutokojoa kwa saa 24 pia hutokea. Zaidi ya hapo uliza.

Sasa jambo linalowadanganya wengi. Mbwa aliyelala kimya, haombi kitu, anakubali kushikwa kila mahali, watu humsifu kuwa mpole. Mtazame vizuri: misuli imekaza, macho hayapepesi, pumzi fupi. Huyo ameganda kwa hofu. Baada ya wiki tatu au nne anaanza kubweka na kunguruma, na wenyeji wanasema ameharibika. Kinyume chake, ameanza kuyeyuka na kusema asichotaka.

Akinguruma, simama, geuka ubavu, ondoka. Usimkemee. Mbwa aliyefundishwa kwamba kunguruma ni kosa hurukia hatua inayofuata, ambayo ni meno.

## Hatua ya 6: Choo

Pedi kwanza. Ikishatumika mara kadhaa, isogeze kidogo kila siku kuelekea mlango wa uani, kisha nje. Mbwa wengi waoga hukojoa nje usiku tu, kukiwa kimya, basi mtoe usiku, na awe kwenye kamba mbili hata kama uzio ni mzuri. Akikosea ndani, safisha bila neno.

## Hatua ya 7: Kumfanya akubali mkono

Hapa ndipo haraka inapoharibu zaidi, na hapa ndipo ushauri wa kawaida, "mpe chakula mkononi", unapokosea. Mbwa mwenye njaa hufuata chakula mbele kuliko ujasiri wake unavyoruhusu. Kikiisha, anainua kichwa na kujikuta yuko sentimita 20 kutoka kwa mtu. Hapo ndipo anaporuka au kuuma.

Fanya kinyume, dakika 5, mara tatu kwa siku:

a) Tupa chakula nyuma yake. Kaa chini, ubavu wako ukimwelekea, mita 2 hadi 3 mbali, macho sakafuni. Rusha kipande cha kuku kipite juu yake kiangukie nyuma. Anarudi nyuma kukichukua, yaani analipwa kwa kwenda mbali nawe, kisha anageuka mwenyewe kuja kutazama kama kuna kingine. Ule mgeuko ndio unaoutafuta. Siku chache baadaye utaona kila mgeuko unamleta karibu kidogo zaidi.

b) Weka kipande kando ya paja lako. Anza akishakuja mwenyewe hadi umbali wa mkono. Usimtazame akila.

c) Mkono wazi, chini, usiosogea. Anuse. Akiondoka, mkono usimfuate.

d) Sekunde tatu. Mguse kifuani au begani, usianzie kichwani. Hesabu tatu, toa mkono, subiri. Akisogea au kuegemea, rudia. Akilamba pua, kupiga miayo, kugeuza kichwa, kuonyesha weupe wa jicho, kufyata mkia au kuganda, jibu ni hapana kwa leo.

e) Sauti ya kishikizo. Hatua hii huachwa, halafu watu wanashangaa mbwa anayekubali kubembelezwa anapokimbia akiona kamba. Simama upande wa pili wa chumba, bofya kishikizo cha kamba mara moja, tupa kuku. Rudia mpaka masikio yake yainuke kwa kutarajia. Kisha bofya ukiwa karibu, halafu gusa hanesi, halafu funga na kufungua palepale.

Kuna atakayemaliza haya kwa wiki mbili na kuna wa miezi sita. Akirudi nyuma hatua moja baada ya kelele au mgeni, mruhusu. Homoni za hofu hazishuki kwa saa moja, na tukio dogo siku ile huangukia juu ya lile la jana.

## Hatua ya 8: Daktari na chipu

Chipu iandikishwe kwenye hifadhidata ya Uingereza ndani ya siku 30 tangu kuingia nchini. Mbwa akiokotwa na chipu bado imeandikwa Romania, kukupata wewe huwa kazi kubwa. Ziara ya daktari iwe wiki ya pili ikiwa hana dalili za ugonjwa. Subirini ndani ya gari mpaka chumba kiwe tupu, na mweleze daktari kwa simu kabla kwamba mbwa ametoka Romania, ili ajue vipimo gani vifuatiliwe.

## Hatua ya 9: Kutoka nje

Usianze kabla hajakubali hanesi na kamba bila kuganda. Kwa wengi ni wiki ya tatu au ya nne. Kabla ya hapo, uani kunatosha. Ukianza: dakika 10, alfajiri au usiku, njia ileile kila siku, kamba mbili. Akikaa chini, kaa naye. Akitaka kurudi, rudini.

Kumfungua kamba ni jambo la miezi mingi baadaye. Ukitaka akimbie, kodi kiwanja cha mbwa chenye uzio, vipo sehemu nyingi na hulipwa kwa saa.

Wageni: mbwa awe chumbani kwake, geti limefungwa, kabla kengele haijalia. Shangazi aliyekulia na mbwa wa ulinzi atataka kumfukuza kwa "toka!", mjomba atataka kumzoesha kwa nguvu. Wote wawili waambiwe mlangoni: usimtazame, usimwite, usimguse.

## Akitoroka

Usimkimbize na usimwite. Kwa mbwa mwoga, watu kumi wanaoita jina lake alilopewa juzi ni msako. Ukimwona, keti chini ukiwa umempa mgongo, tupa chakula.

Acha mtu mmoja pale alipotorokea, na blanketi lake na chakula chenye harufu; wengi hurudi usiku. Piga simu kwa halmashauri, kwa sababu mbwa aliyeokotwa hushikiliwa siku 7 tu kabla hajaweza kupewa mtu mwingine. Mwandikishe DogLost, mtandao wa kutafuta mbwa waliopotea, ambako watu wa kujitolea huwa na kamera na mitego ya kizimba. Mabango yaseme kwa herufi kubwa USIMKIMBIZE, PIGA SIMU.

## Lini kutafuta msaada

Kama baada ya wiki 6 hadi 8 bado hali chakula ukiwepo, hatoki kwenye kona, au ameuma, zungumza na daktari kuhusu dawa. Fluoxetine huchukua wiki 4 hadi 6 kuonyesha kazi, na hufanya mazoezi ya hatua ya 7 yawezekane. Ukipewa acepromazine kwa ajili ya hofu, uliza njia nyingine: humlegeza mwili na kumwacha na hofu yote ndani.

Mtaalamu wa tabia mtafute kwenye orodha ya ABTC, baraza la Uingereza la wataalamu wa tabia na mafunzo ya wanyama. Anayetaja kola ya umeme, ambayo Wales imeipiga marufuku tangu 2010, au anayetaka "kumwonyesha nani bosi", mkatie simu. Kwa yule utakayemkubali, rekodi video za dakika mbili mbili za mbwa akila, akisikia hatua zako na akiona kamba, uzitume kabla hajaja. Akiingia mwenyewe chumbani, ataona mbwa aliyeganda tu.